Miembe isiyochanua pamoja: kisa cha kikundi cha wakulima nje ya Malindi, msimu wa 2023–2024

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kikundi cha wakulima wa maembe, watu thelathini na kitu, ambao miti yao ilizoea kuchanua kwa pamoja na mwaka mmoja ikachanua kwa mafungu, la kwanza na la mwisho yakiachana kwa karibu miezi mitatu. Mwaka huohuo kikundi kilikuwa kimetia sahihi mkataba wa mauzo wenye tarehe moja. Majina ya watu, kijiji, mnunuzi na duka la pembejeo yameondolewa, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa maafisa wa ugani, viongozi wa vikundi, na yeyote anayelazimika kuuza zao la mti kabla mti wenyewe haujaonyesha nia.

## Usuli

Mashamba yako upande wa Magarini, ndani kutoka barabara ya Malindi kwenda Lamu, pale mchanga wa pwani unapoanza kuchanganyika na udongo mwekundu. Si mashamba makubwa. Mwanachama wa kawaida ana miti kati ya thelathini na mia: ngowe za babu, boribo mbili tatu karibu na nyumba, na safu za embe apple zilizopandwa na kizazi cha sasa. Apple ndiyo ya lori. Ngowe huuzwa pia, lakini ngowe ina wenyewe. Kuna watu mjini Malindi wasiokula embe jingine.

Ratiba ya kazi haikuandikwa popote kwa sababu kila mtu aliijua. Masika huingia mwishoni mwa Machi au Aprili, hufika kilele Mei, na hupungua Juni. Kusi ikishika, Julai na Agosti, usiku hupoa kidogo na mvua hubaki manyunyu. Hapo ndipo miembe huchanua. Kutoka ua hadi embe la kuchuma ni miezi mitatu unusu hadi mitano, kwa kutegemea aina na joto, kwa hiyo maembe ya mwanzo huonekana Novemba na mengi hushuka Desemba na Januari, upepo ukiwa umeshageuka kaskazi. Kuna msimu mdogo wa Mei hadi Julai, lakini huo hakuna anayeuwekea ahadi ya ada ya shule.

Kitu kimoja cha biashara kinapaswa kueleweka mapema, maana bila hicho hasara ya kisa hiki haionekani. Faida ya pwani ni kuwahi. Maembe ya Makueni na Ukambani kwa jumla hufurika sokoni kuanzia mwaka mpya hadi Machi, na anayeuza kutoka Malindi mwezi Desemba anauza kabla ya mafuriko hayo. Embe lilelile, la ukubwa uleule, likichelewa wiki tano au sita linakutana na malori ya bara, na hapo mnunuzi ndiye anayepanga bei.

Mengine ya usuli ni ya hewa. Kuanzia vuli ya 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, sehemu kubwa ya mashariki mwa Kenya ilikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Miembe haikufa, kwa sababu mizizi yake huenda mbali, lakini ilizaa kidogo, na baadhi haikuzaa kabisa. Wanachama waliingia 2023 wakiwa na madeni ya miaka mitatu.

## Mfululizo wa matukio

### Masika ya 2023: majani

Mvua ya masika mwaka huo ilinyesha. Watu walishangilia, na miti ikashangilia kwa namna yake: ikachipua. Tatizo lilianzia hapa, ingawa wakati ule hakuna aliyeliona kama tatizo.

Ncha ya tawi la mwembe hutoa ama majani ama maua. Ikitoa majani, tawi hilo linahitaji muda wa kukomaa na kutulia, kwa kawaida miezi minne au mitano katika hali ya hewa ya joto kama yetu, ndipo liwe tayari kutoa maua. Kwenye nchi za miembe zenye majira ya baridi ya wastani, baridi ndiyo inayoliamsha. Malindi hakuna baridi ya namna hiyo. Usiku wa Julai bado una nyuzi ishirini na kitu. Kwa hiyo mwembe wa pwani hutegemea zaidi vitu viwili: umri wa majani ya mwisho, na kiangazi kifupi kinachofuata masika. Kipindi hicho cha ukavu ndicho kilichokuwa kikiipanga miti yote mstari mmoja.

Baada ya ukame mrefu miti haikuwa katika hali moja. Iliyo bondeni, yenye udongo unaoshika maji, ilichipua Aprili. Iliyo kwenye kilima cha mchanga ilichipua kidogo, au haikuchipua. Mingine ilichipua Aprili, ikapata mvua nyingine ya mwisho wa Mei, ikachipua tena. Kufika Juni, ndani ya shamba moja, palikuwa na matawi ya umri tatu tofauti.

### Julai: mti mmoja, pande mbili

Katibu wa kikundi, mama anayeheshimika kwa kuandika kila kitu, alikuwa na daftari la shule lenye safu mbili: "umechanua" na "bado". Alipanga kupita kwenye mashamba ya jirani zake na kuhesabu miti, ili kikundi kijue mzigo wa Desemba utakuwa kiasi gani. Alikwama mti wa pili.

Ulikuwa mwembe wa apple kwenye uwanja wa nyumba yake mwenyewe. Upande wa mashariki, unaopata upepo wa bahari, mashada ya maua yalikuwa yamefunguka, rangi ya waridi iliyopauka, nzi wadogo wamejaa. (Wengi hudhani nyuki ndiye mchavushaji mkuu wa mwembe. Nzi anafanya kazi kubwa zaidi kuliko anavyosifiwa.) Upande wa magharibi, ambao haukuwa na ua hata moja, matawi yalikuwa na majani mapya ya rangi ya shaba, yananing'inia. "Huu sasa niuandike wapi?" aliuliza. Akaongeza safu ya tatu, akaiita "nusu", na kufikia mwisho wa wiki safu hiyo ilikuwa ndefu kuliko zile mbili.

Daftari hilo ndilo ushahidi bora uliopo katika kisa hiki chote, na nitalirudia kwenye uchambuzi.

### Agosti: mkutano na mkataba

Mwezi wa Agosti mnunuzi, anayekusanya maembe kwa ajili ya kiwanda cha juisi na soko la Mombasa, alileta pendekezo: malori mawili ya apple kati ya wiki ya pili na ya tatu ya Desemba, bei iliyopangwa mapema, na arubuni taslimu papo hapo. Mzigo ukipungua, bei ya kila embe inashuka. Ukichelewa kupita mwisho wa Desemba, mkataba umekufa na arubuni inarudishwa.

Kikundi kilikutana chini ya mkorosho wa mwenyekiti. Njia zilizowekwa mezani zilikuwa tatu. Ya kwanza, kutia sahihi na kutegemea miti iliyokwisha kuchanua. Ya pili, kutia sahihi na kuilazimisha miti mingine ichanue kwa kupulizia dawa. Ya tatu, kukataa tarehe na kuomba mkataba wa vipindi viwili.

Mzee mmoja wa ukoo wa mabaharia, mwenye ngowe nyingi na apple chache, alipinga wazi. "Wanangu, mkataba huu nitautia sahihi mkinionyesha mwembe uliotia sahihi kwanza." Watu walicheka. Mwekahazina hakucheka. Alisoma orodha ya wanaodaiwa, jina kwa jina, pamoja na lake, na baada ya orodha hiyo hoja ya kusubiri haikupata mtu wa kuisimamia. Njia ya pili ikapita.

Mvua ya vuli ilizungumziwa pia, lakini kwa haraka. Mwishoni mwa mwezi huo kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha kanda, ICPAC, kilitangaza kuwa Oktoba hadi Desemba kuna uwezekano mkubwa wa mvua kupita kiasi, kwa sababu ya El Niño ikisaidiana na joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilitoa onyo la namna hiyo. Wanachama walisikia. Ila walisikia kama habari ya mafuriko, ya barabara na nyumba. Hakuna aliyeiunganisha na mashada ya maua yatakayokuwa wazi Oktoba. Na ilipofika Oktoba, kauli zikatolewa hadharani kitaifa kwamba mvua haitafikia kiwango cha El Niño kilichotabiriwa, basi hata waliokuwa na wasiwasi wakautua.

### Septemba na Oktoba: dawa ya maua

Dawa iliyonunuliwa ilikuwa nitrati ya potasiamu, mbolea ya kupulizia majani. Si uzushi. Ufilipino wanaitumia kuchanusha miembe tangu miaka ya 1970, na kwenye tawi lililokomaa hufanya kazi vizuri. Kwenye tawi changa haileti ua. Mara nyingi huleta majani zaidi, au huyaunguza yaliyopo.

Kipimo cha kujua kama tawi limekomaa hakihitaji mashine. Chukua jani la ncha, lifumbate kiganjani, lifinye. Jani lililo tayari ni la kijani kizito, gumu, na huvunjika kwa sauti. Lisilo tayari hujikunja na kujikunjua. Muuzaji wa dawa hakusema hayo, na kibandiko cha chupa hakikuandikwa kwa ajili ya miembe. Wanachama walipulizia shamba zima, mti kwa mti, bila kuchagua.

Matokeo yaligawanyika kama ilivyotarajiwa na yeyote aliyefinya jani. Miti ya kilimani, iliyochipua kidogo wakati wa masika, ilichanua ndani ya wiki mbili tatu. Miti ya bondeni ilitoa majani mapya, mazuri ajabu. Kuna mwanachama aliyepata hasira akaikata miti yake mapanga kwenye shina, njia ya kale ya kuutia mwembe adabu. Njia hiyo ina maana yake, kwani jeraha huzuia chakula kisishuke mizizini, lakini Oktoba, mvua ikiwa mlangoni, alichofanya ni kufungulia vimelea mlango.

Fungu la pili la maua, basi, lilikuwa wazi mwisho wa Septemba na Oktoba. La tatu, dogo, lilikuja lenyewe baadaye kwenye matawi yaliyochipua Mei.

### Novemba: mvua

Mvua ilikuja kama ilivyotabiriwa. Novemba 2023 Mto Sabaki ulifurika, barabara za ndani zikakatika, na kwa jirani zetu wa Tana River na Lamu hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa mwembe, hata hivyo, mafuriko si adui wa kwanza. Adui ni shada la maua kulala limelowa usiku baada ya usiku. Kuvu wa chule huingia hapo: vidoa vyeusi kwenye vikonyo, shada linakauka kuanzia ncha, vitunda vya ukubwa wa njugu vinapukutika. Anayetaka kukinga hupulizia dawa ya shaba kabla ya mvua. Waliofanya hivyo walikuwa wachache, kwa sababu fedha ya pampu ilikuwa imekwisha kwenye nitrati.

Maembe ya fungu la kwanza, yaliyokwisha kujaa, yalikumbana na kitu kingine: nzi wa matunda. Huyu wa asili ya Asia, aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003, huku pwani, huzaliana kwa kasi kukiwa na unyevu na matunda ya kutagia. Miaka ya kawaida huwa na kipindi kirefu asichokuta embe lililoiva. Mwaka huo alikuta embe lililoiva, linaloiva, na litakaloiva, mfululizo kuanzia Novemba hadi Machi.

### Desemba hadi Machi: mavuno

Desemba kikundi kilijaza lori moja na kama robo ya la pili. Mnunuzi alishusha bei kama mkataba ulivyosema, na kwa kuwa malori yalishindwa kupita njia ya ndani, maembe yalibebwa kwa pikipiki hadi barabara kuu kwa gharama ya wanachama. Fungu la pili, lile la nitrati, lilitoa kidogo sana. Hasara kubwa kuliko zote ilikuwa hapo, kwa sababu ndilo lililogharimiwa zaidi.

Fungu la tatu lilileta mshangao. Maembe yake yalikomaa mwisho wa Februari na Machi, wakati ambapo kwa desturi Malindi huwa imeshafunga. Bei ya jumla ilikuwa chini kwa sababu ya mzigo wa Ukambani. Lakini Ramadhani ya 2024 iliingia wiki ya pili ya Machi, na mjini, Mambrui na Gongoni watu walitaka embe la juisi ya futari, la jirani, linalouzwa kwa hesabu si kwa kreti. Waliokuwa na ngowe na apple za kuchelewa waliuza kila jioni mpaka wakaishiwa. Yule mzee wa ngowe alikuwa miongoni mwao.

## Msimu uliofuata: kilichobadilishwa na sababu zake

Aprili 2024 kikundi kilikaa tena, safari hii na daftari la katibu mbele. Waliamua mambo machache.

Walichagua miti 24 ya kufuatiliwa, minane kilimani, minane bondeni, minane katikati, wakaifunga utepe wa rangi. Mtoto wa mwenyekiti, anayesoma sekondari, hupita kila Ijumaa baada ya sala na kuandika hali ya mti kwa pande nne: majani ya shaba, majani mazito, vichwa vimefura, maua wazi, embe la njugu, embe la yai. Kila jumamosi picha ya ukurasa huingia kwenye kikundi cha WhatsApp. Walikubaliana kuwa hakuna kupulizia dawa ya maua kwenye mti ambao majani yake hayavunjiki kiganjani. Fedha ya pampu ikatengwa kwanza kwa dawa ya shaba, na upuliziaji ufanywe jioni, nzi na nyuki wakiwa wameondoka. Maembe yaliyoanguka yafukiwe au yafungwe kwenye mifuko mieusi juani, badala ya kuachwa chini ya mti.

Kuhusu mauzo, waliacha kutaja tarehe. Waliomba mkataba unaohesabu kuanzia siku ambapo nusu ya miti ya utepe katika eneo moja ina maua wazi, kisha kuongeza siku za kukomaa, na kugawa mzigo katika vipindi viwili.

Vuli ya 2024 ilitabiriwa kuwa chini ya kawaida. Miti ilichanua kwa utaratibu zaidi mwaka huo. Haikurudi mstari mmoja. Bondeni walibaki nyuma ya kilimani kwa wiki kadhaa, lakini wiki hizo zilijulikana mapema.

## Uchambuzi

### Je, hii ni tabianchi?

Swali hili huulizwa kila mkutano na hujibiwa vibaya kwa pande zote mbili. Msimu mmoja si tabianchi. Mwembe una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Umri wa mti, udongo, na kupogoa vyote hubadilisha siku ya kuchanua. Na ukame ukifuatwa na mvua ya El Niño ulikuwapo kabla babu zetu hawajasikia neno gesijoto. Vuli ya 1997 bado inasimuliwa.

Hata hivyo, kuna mambo yanayojulikana. Dunia katika muongo wa 2011–2020 ilikuwa na joto la takriban nyuzi 1.1 zaidi ya nusu ya pili ya karne ya 19, na Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Masika ya ukanda huu yamekuwa yakipungua na kuyumba tangu miaka ya 1980. Vuli inafuata hali ya Bahari ya Hindi: upande wetu wa bahari ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua inapita kiasi, kama 1997, 2019 na 2023. Tafiti za mifumo ya bahari zinaonyesha kuwa matukio makali ya namna hiyo yataongezeka dunia ikizidi kupata joto. Kwa hiyo kilichotokea kwa kikundi hiki, yaani ukame mrefu kisha mvua ya ghafla wakati wa maua, ni aina ya mwaka inayotarajiwa kuja mara nyingi zaidi, hata kama mwaka huu mmoja hauwezi kubebeshwa ushahidi wote.

Ipo tabia ya kunukuu mifano ya ughaibuni hapa, hasa ile ya maua ya cheri ya Kyoto, ambayo kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 812 na ambayo mwaka 2021 yalifikia kilele Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa kabla yake. Mfano ni mzuri kwa Kyoto. Kule mti unangoja joto la majira ya kuchipua, joto likiwahi nao unawahi, na mabadiliko yanakwenda upande mmoja. Malindi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki nusu saa, na baridi ya kuhesabika hakuna. Mwembe wetu unangoja ukavu na umri wa majani. Mvua ikiyumba, hauwahi wala hauchelewi kwa mpangilio, unatawanyika. Mkulima aliyefundishwa kuwa "misimu imesogea" atatafuta tarehe mpya, na ndicho kikundi hiki kilichojaribu kufanya Agosti. Hakuna tarehe mpya ya kutafutwa. Kilichopotea ni miti kufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na hilo halirudishwi kwa kusogeza kalenda mbele au nyuma.

### Kumbukumbu za wazee na kipimo kinachosogea

Mzee wa ngowe alisisitiza kuwa zamani miembe ilichanua kabla ya Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, na sasa inachanua baada yake, akachukua hilo kuwa uthibitisho kwamba miti imechelewa. Sina shaka na macho yake. Nina shaka na kipimo. Mwaka wa Nairuzi unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi una siku 365 bila ile siku ya nyongeza, kwa hiyo Nairuzi yenyewe hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Kwa miaka hamsini ya kumbukumbu zake hiyo ni siku kumi na mbili au zaidi. Mwembe ungesimama palepale, Nairuzi ingeupita tu.

Nilipomwonyesha hesabu hiyo hakukasirika. Alisema manahodha walijua hilo na kila baada ya miaka walirekebisha safari zao, ila wakulima hawakuambiwa. Kisha akataja jambo ambalo hesabu yangu haiwezi kuligusa: zamani mtu akisema "miembe imechanua" hakuna aliyeuliza ipi. Hilo halitegemei kalenda yoyote, na ni ushahidi mzito kuliko tarehe.

### Kuhusu maamuzi

Uamuzi wa Agosti haukuwa wa kijinga. Watu wenye madeni ya miaka mitatu walipewa fedha taslimu na mnunuzi wa kweli, na kukataa kungekuwa anasa. Udhaifu wake ni kwamba ulipitishwa wakati daftari la katibu tayari lilikuwa na safu ya "nusu" iliyozidi nyingine zote, na daftari hilo halikusomwa mkutanoni. Mwekahazina alisoma madeni. Hakuna aliyeomba kusomewa miti. Taarifa ilikuwapo ndani ya kikundi, kwa mwandiko mzuri, kwenye mkoba wa mtu aliyekaa mkekani.

Utabiri wa mvua nao ulifika ukiwa sahihi na ukakosa kazi ya kufanya. Ulizungumza juu ya milimita na mafuriko. Mkulima wa maembe alihitaji sentensi moja ya ziada: shada litakalofunguka Oktoba litalowa. Afisa wa ugani ndiye mwenye kuitamka sentensi hiyo, kwa kuwa ndiye peke yake anayesimama kati ya idara ya hewa na mwembe. Katika eneo hili afisa mmoja anahudumia vijiji vingi mno, na sentensi haikutamkwa.

Nitrati haikushindwa, ilitumika kwa miti isiyohusika. Ningependa sana maduka ya pembejeo yalazimishwe kueleza kipimo cha jani wanapouza dawa hii, lakini sitegemei hilo, kwa hiyo kipimo kimewekwa kwenye mafunzo ya kikundi.

### Kuhusu bahati

Mafanikio ya mzee wa ngowe yalianza kusimuliwa kijijini kama ushindi wa hekima ya kale. Tusiharakishe. Miti yake ya kuchelewa iko juu ya kilima cha mchanga, maji hayatuami, na upepo hukausha maua kabla jua halijachomoza sawasawa. Jirani yake wa bondeni, ambaye naye hakupulizia chochote wala hakutia sahihi, alipoteza karibu kila shada. Na soko la Ramadhani lilikuwa zawadi ya mwaka ule: mwezi wa kufunga hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, wakati maembe ya kuchelewa hayana sababu ya kuufuata. Waliopanga kurudia biashara hiyo 2025 walikuta Ramadhani imeingia mwanzoni mwa Machi, na ikiendelea hivyo itafika Januari, katikati ya msimu mkuu, kabla muongo huu haujaisha. Hapo kutakuwa na soko la kweli la kupangwa, kwa miti ya kilimani, na kikundi kimeanza kulijadili.

### Miti ya utepe

Ufuatiliaji wa kila Ijumaa umethibitika kuwa na thamani kuliko gharama yake, ambayo ni daftari na utepe. Unampa mnunuzi kitu cha kushika, na unamzuia mwanachama kuona mti wake mmoja wa barazani akadhani ndio shamba. Una udhaifu pia: kijana akienda chuo kazi itahitaji mrithi, na miaka miwili ya kumbukumbu haitoshi kusema lolote kuhusu mwelekeo wa muda mrefu. Inatosha kusema wapi lori liende kwanza.

## Hali ilivyo sasa

Mnunuzi amekubali vipindi viwili na amekubali hesabu ianzie kwenye maua. Kinachobishaniwa bado ni nauli ya lori la kipindi cha pili, ambalo kwa kawaida huondoka halijajaa. Yeye anataka kikundi kilipe nafasi iliyobaki wazi. Kikundi kinataka wagawane nusu kwa nusu. Katibu amependekeza nafasi hiyo ijazwe na korosho za jirani, na mazungumzo na kikundi cha korosho yameanza.